Bibi, Baba na Lido ya Don Mills

Julai iliyopita binti yangu alirudi kutoka kuogelea, nywele zikiwa bado zinachuruzika, akaja kunikumbatia jikoni wakati nasukuma chapati. Harufu ya klorini ikanipanda puani. Nikasema bila kufikiri, "Kumbe mlikuwa lido," naye akanitazama kama watoto wetu wanavyotutazama tukitaja vitu vya kizamani. Akauliza kwa Kiingereza lido ndiyo nini. Nilianza kumweleza, nikajikuta nimesimama na kifimbo cha kusukumia mkononi huku chapati ya kwanza ikiungua, na nusu ya habari sijaimaliza. Kwa hiyo naiandika, kwa ajili yake na kwa ajili yenu rika langu mliokulia kwenye maghorofa ya mji huu, enzi zile wazazi wetu walipokwangua kadi za simu kwa sarafu ili wapige nyumbani, na laini ikakatika kabla salamu hazijaisha.

Sisi tulikaa Don Mills, hapa Toronto, ghorofa ya nne, katika jengo refu la matofali ya rangi ya chai ya maziwa. Chini ya balkoni yetu, ng'ambo ya maegesho ya magari, palikuwa na bwawa la kuogelea la wazi, mali ya jiji, limezungushiwa uzio wa waya. Kwa miezi kumi bwawa lile lilikuwa shimo la saruji lenye theluji au majani makavu. Halafu shule zikikaribia kufungwa walikuja watu wenye mabuti, wakalisugua, wakalijaza maji, na jengo zima likapata wazimu. Kuingia ilikuwa bure. Kuanzia saa sita mchana ungesikia filimbi, mayowe na nyayo za watoto zikipiga saruji, na mimi nilikuwa napaka siagi kwenye mkate huku roho yangu imeshateremka ngazi.

Mwaka mmoja Bibi, mama yake mama, alikuja kutoka Tanzania kukaa nasi. Alikuwa ametoka mji mdogo kando ya barabara kuu ya Iringa kwenda Mbeya, kule ambako asubuhi ukifungua mdomo unatoa moshi. Alikuwa amefundisha shule ya msingi maisha yake yote, na sauti yake ilikuwa ya kufika dawati la mwisho bila kupazwa. Tiketi yake ya kurudi ilikuwa tayari kwenye droo ya mama. Mwezi wa tisa angeondoka. Siku bwawa lilipojazwa alitoka balkoni na kikombe chake cha uji, akaona yale maji ya buluu, akasema, "Alaa! Kumbe mna lido, mkanyamaza!"

Akatusimulia. Zamani, alipokuwa msichana, Waitaliano walikuja kujenga barabara. Walipiga kambi nje ya mji wao, wakachimba bwawa, wakalisakafia kwa saruji, wakatundika ubao wenye herufi nyeupe: LIDO. Barabara ilipoisha waliondoka na magreda yao, kambi ikageuzwa chuo cha ualimu, ubao ukabaki pale pale. Bibi alisoma hapo miaka miwili. Jumamosi ilikuwa zamu ya wanachuo wa kike, Jumapili ya wanaume baada ya ibada. Maji yaliletwa na mfereji kutoka mlimani, na mfereji ulikuwa na zamu zake kwa mashamba ya watu, hivyo chuo kilipata maji mara moja kila baada ya wiki mbili. Bwawa likiwa kavu walijifunza kuogelea bwenini. Walilala kifudifudi juu ya mabenchi, wakapiga miguu hewani, na mmoja akasimama na rula kuwahesabia. Mji mzima ukalichukua lile neno, na mpaka muuza mahindi ya kuchoma, ukimwonyesha picha ya maji yaliyochimbiwa nje watu waogelee, atakwambia hiyo ni lido.

Mimi nikaamini ni Kiswahili safi cha mababu. Nilimwambia mwalimu wangu, naye akaliandika kwenye karatasi kubwa ya lugha za nyumbani iliyobandikwa mlangoni, karibu na "jambo" na "asante". Nilimwambia pia Nasrin, jirani yetu wa ghorofa ile ile, msichana wa umri wangu aliyejua kila kitu. Nasrin akasema halisikiki kama Kiswahili. Nikamuuliza amekijulia wapi Kiswahili. Nilikuwa na mdomo mrefu, sikatai.

Sasa niwaambie habari ya kikohozi. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili na korido nyembamba ya kupita mtu mmoja. Kila Bibi alipotaka kutoka chumbani alikohoa kwanza. Kila baba alipotaka kutoka bafuni alikohoa. Aliyesikia kikohozi cha mwenzake alirudi ndani akafunga mlango mpaka njia iwe nyeupe. Baba alifanya kazi za usiku kwenye kiwanda cha mikate, analala mchana, na jioni akiamka alichuchumaa mwisho wa korido, uso ameuelekeza ukutani, akasema, "Shikamoo mama." Bibi akajibu kutoka jikoni, "Marahaba mkwe wangu," naye akiitazama sufuria. Hawakukaa meza moja hata siku moja.

Nilifikiri ni kifua. Nilifikiri hewa ya Toronto imewadhuru wote wawili, na siku moja nikamimina dawa ya kikohozi kwenye vikombe viwili vidogo, nikaweka kimoja mlangoni kwa Bibi na kimoja mlangoni kwa baba. Mama alipoona alicheka mpaka akakaa sakafuni. Nilipomuuliza kuna nini aliniambia nitakua nitaelewa. Kwa kuwa hakueleza, nikajieleza mwenyewe: baba na Bibi hawapendani. Jambo hilo liliniuma kimya kimya.

Lakini mtoto ana shida zake, na yangu ilikuwa ya kijani. Ilikuwa hivi. Mtoto wa chini ya miaka kumi hakuruhusiwa kuingia bwawani peke yake mpaka afaulu jaribio. Jaribio lenyewe lilikuwa kuvuka upana wa bwawa kwenda na kurudi, kwenye kina kirefu, bila kugusa ukuta njiani wala kushika kamba. Ukifaulu, mlinzi wa bwawa alikufunga kitepe cha kijani mkononi, na kuanzia hapo dunia ni yako: kina kirefu, ubao wa kurukia, kila kitu. Usipokuwa nacho, lazima mtu mzima awe nawe ndani ya maji. Siyo kwenye benchi, ndani ya maji. Nilikuwa na miaka tisa. Nasrin alikipata chake wiki ya kwanza, akawa analala nacho.

Mama alikuwa mhudumu kwenye nyumba ya wazee, anapata nafasi Jumatano tu. Jumatano tuliingia naye, akasimama maji ya kiunoni ameziba pua, maskini, maana hakujua kuogelea na aliyaogopa. Siku nyingine zote mtu mzima aliyekuwepo ni Bibi, na Bibi hakukubali kuingia. Alikaa kwenye nyasi nje ya uzio, khanga mbili, miguu ameinyoosha, na Jumatano, nikiwa majini na mama, akanifundisha kutoka pale. "Miguu, Semeni! Miguu siyo ya kukanyagia huko, ni ya kusukumia!" Semeni ndiyo mimi. Nikimwambia njoo, anasema, "Leo siyo siku yangu." Kesho yake pia haikuwa siku yake.

Nyumbani alinifundisha kama walivyofundishwa wao. Alichukua kigoda cha bafuni, akakiwekea mto, akanilaza juu yake kifudifudi katikati ya sebule. Akachukua mwiko badala ya rula. Moja, mbili, pumua. Moja, mbili, pumua. Nikikunja magoti, mwiko uliyagusa. Nilipiga miguu juu ya zulia lile mpaka tumbo likapata alama ya kigoda, na nilipomlalamikia aliniambia, "Mke mwenzangu, unataka kuolewa na babu yako na magoti hayo?" Maana ndivyo tulivyotaniana, bibi na mjukuu, na mimi nilikuwa namjibu kwa Kiingereza kwamba babu amekufa na simtaki, naye anacheka bila kuelewa nusu.

Mwisho wa Julai nilijaribu. Nilifika katikati ya bwawa, nikakumbuka kwamba chini yangu hakuna kigoda, na mfa maji haachi kutapatapa. Nilishika kamba, nikashika nguo ya mlinzi, nikashika chochote kilichokuwa karibu. Mlinzi alikuwa dada mpole mwenye miwani myeusi. Aliniambia nijaribu tena nikiwa nimefanya mazoezi zaidi, majini, na mtu anayejua. Watoto wote walisikia.

Siku zile zile ndipo tulipompata Mama Rosina. Alikuwa mzee wa Kiitaliano wa ghorofa ya chini, mjane, ambaye kila mchana alibeba kiti chake cha plastiki mpaka ndani ya uzio na kukaa miguu ndani ya maji ya watoto. Jumatano moja Bibi aliita kutoka kwenye nyasi, "Semeni! Toka huko lido, ugali unapoa!" Mama Rosina aligeuka kwa nguvu mpaka kiti kikapinduka. Akaja uzioni, akamnyooshea Bibi kidole, akauliza nani amesema lido.

Nikawa mkalimani kati ya Kiingereza changu cha shule na Kiingereza chake kilichojaa Kiitaliano. Akaeleza. Kwao lido ni ufuko, ule ukingo wa mchanga ambapo bahari na nchi vinakutana. Kuna mji kwao umejengwa juu ya maji, na mbele yake kuna kisiwa chembamba cha mchanga kinachoitwa hivyo hivyo. Watu wa zamani walikwenda huko kuoga baharini, wakavaa vizuri, wakapendeza, mpaka jina likasafiri. Waingereza wakalichukua wakayaita hivyo mabwawa waliyochimba kwenye bustani zao, mbali na bahari yoyote. Wajenzi wa barabara nao wakalibeba mpaka kwenye milima ya kwetu. Alipoisikia habari ya ule ubao Mama Rosina alitia vidole kwenye matundu ya waya, akamshika Bibi vidole, wakabaki wanasema "lido, lido" kama watu waliogundua ni ndugu.

Mimi niliona aibu. Neno langu nililolipeleka mpaka mlangoni mwa darasa halikuwa letu! Nilimwambia Bibi tukiwa kwenye lifti, nikakaribia kulia. Bibi akaniuliza meza ni ya nani. Nikasema yetu. Na gari? Yetu. Na shati, na leso? Akasema, "Basi maneno hayo yote yalikuja na watu, yakakuta watu. Sisi lido tumelitumia tangu sijazaa mama yako. Mwenye kulidai aje Iringa." Lifti ikapita ghorofa mbili, akasema tena kwa sauti ndogo, "Ufuko. Mimi bahari nimeiona nikiwa na watoto wanne. Kumbe nilikwishaogelea ufukoni miaka miwili mizima."

Hasira zangu zilikuja wiki iliyofuata. Agosti ilikuwa imeingia, bwawa lingefungwa mwanzoni mwa Septemba shule zikifunguliwa, na baada ya hapo Bibi hayupo. Nilimwomba aingie nami. Akasema, "Leo siyo siku yangu." Nasrin alikuwa amesimama pale, kitepe mkononi, akauliza kama bibi yangu anajua kuogelea kweli. Nikamgeukia Bibi na kusema, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko chochote nilichowahi kusema kiangazi kile, "Wewe hujui kuogelea. Lido yenu ni uongo."

Bibi hakunipiga, ingawa ningestahili. Alikunja khanga yake, akatangulia nyumbani, akaingia chumbani. Hakukohoa tena siku ile kwa sababu hakutoka.

Mama aliporudi kazini alinikalisha ukingoni mwa beseni la kuogea, mahali pekee penye faragha, akanieleza. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawaonani mwili. Hawakutani njia nyembamba, hawali pamoja, hawatazamani usoni wakisalimiana. Ndiyo maana ya kukohoa: ni kumwambia mwenzako pisha, nisije nikakukuta vibaya. "Na balkoni ya baba yako iko juu ya maji yale," mama alisema. "Akiamka anakunywa chai pale. Unataka bibi yako avue khanga, mkwe wake akiangalia kutoka juu? Angekufa kwa aibu. Na baba yako angemtangulia."

"Kwa hiyo hawachukiani?"

"Nani alikwambia wanachukiana? Wanaheshimiana mpaka wanakosa pa kupita."

Nilikwenda kupiga magoti mlangoni kwa Bibi, nikasema samahani. Akaniambia hasira zangu ni za babu yangu, kwa hiyo anazifahamu na alikwishazisamehe zamani. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa Toronto, niliyefundishwa shuleni kwamba tatizo linasemwa. Nikaenda moja kwa moja kwa baba, aliyekuwa anafunga viatu kwenda kazini, nikamwambia kwamba Bibi anaweza kuogelea na hawezi kuogelea kwa sababu yake. Baba alibaki ameshika kamba ya kiatu kwa muda mrefu. Akakaza fundo, akatoka.

Asubuhi alirudi, akachuchumaa mahali pake mwisho wa korido, akaniita. Bibi alikuwa jikoni, hatua nne kutoka pale, anasikia kila neno.

"Mwambie bibi yako," baba alisema, "kuanzia kesho nikitoka kazini sitakuwa narudi hapa mpaka saa kumi na moja jioni."

Nilitembea hatua nne. "Bibi, baba anasema hatarudi mpaka saa kumi na moja."

"Mwambie baba yako nimesikia. Muulize atalala wapi."

Nikarudi. "Anauliza utalala wapi."

"Mwambie magari yana viti."

Nikampelekea. Bibi akakoroga chai isiyohitaji kukorogwa. "Mwambie baba yako Mungu ambariki," alisema mwishowe, na hilo sikuhitaji kulipeleka, maana nilimwona baba amekwishainamisha kichwa.

Alilala kwenye gari wiki tatu na zaidi. Nilikuja kujua nikiwa mkubwa kwamba aliegesha kwenye kivuli cha maduka kule Agincourt, mtaa mwingine wa Toronto, akafunika uso kwa gazeti, akavumilia joto lile, kisha jioni akaja kula na kurudi kazini. Nikikumbuka sasa, nami nina watoto na najua usingizi ni nini, nampenda baba yangu kuliko zamani.

Likabaki suala la nguo. Jumatano baba alitupeleka mama na mimi Agincourt, akabaki ndani ya gari ametazama mbele, na tuliporudi na mfuko hakuuliza mna nini ndani. Lilikuwa vazi jeusi la kuogelea, mikono mirefu, suruali mpaka vifundoni. Bibi alilishika kwa vidole viwili. "Mama, mficha uchi hazai," mama akamtania. Bibi akajibu, "Mimi nimeshazaa sita. Niache nifiche." Lakini alilivaa. Mama Rosina akamwazima kofia ya mpira yenye maua ya waridi.

Siku ya kwanza aliposhuka ngazi za bwawa, watu wazima waliacha mazungumzo. Aliingiza mguu, akasema maji haya ni ya uvuguvugu, ya kumwogeshea mtoto mchanga, wao waliogelea ya barafu kutoka mlimani. Akajiachia. Sikuwahi kumwona Bibi yangu akikimbia, wala kuharakisha chochote, na hata majini hakuharakisha. Alilala ubavu, mkono mmoja ukatangulia, mwingine ukasukuma, na bila kurusha tone moja akavuka kina chote kirefu mpaka ubao wa kurukia, akageuka, akarudi. Nasrin alibaki mdomo wazi. Mimi nilipiga kelele kama kichaa. "Bibi yangu huyo! Bibi yangu!" Nilikuwa nimemwita muongo, na sasa nilitaka Toronto nzima ijue ni wa kwangu.

Tangu hapo tuliingia kila siku saa sita mchana. Aliniondolea hofu taratibu. Kwanza alinishika tumboni kwa kiganja kizima, mahali pale pale pa alama ya kigoda. Baadaye kwa vidole viwili. Baadaye akawa ananiambia amenishika, kumbe mkono ameuweka mgongoni kwake. Nilipomgundua nilikuwa nimeshafika upande wa pili.

Jumapili ya mwisho ya bwawa ikafika, siku nne kabla Bibi hajasafiri. Mama alikuwa zamu na hakuweza kuomba ruhusa. Jioni ya Jumamosi iliyotangulia baba alikuwa amechuchumaa tena koridoni. Alitaka kuwepo. Ujumbe wake uliopita kwangu ulikuwa huu: atasimama nje ya uzio, uso ameelekeza barabarani, na hatageuka hata jengo likiungua. Bibi alifikiri tangu alipowasha jiko mpaka chakula cha jioni kilipoiva. Kisha akasema, "Mwambie baba yako, akiweza kusimama bila kugeuka, asimame. Mtoto ni wake."

Basi akaja na shati lake la kanisani. Akasimama nje ya waya, mgongo kwetu, mikono nyuma. Magari yalipita mbele yake. Mama Rosina alipoelezwa kisa alikielewa haraka kuliko nilivyotarajia. Akabeba kiti chake mpaka uzioni, nyuma ya baba, akamwambia asiwe na wasiwasi, yeye atakuwa macho yake.

Nilisimama ukingoni kwenye kina kirefu. Nikamwambia Bibi, aliyekuwa majini hatua chache mbali, kwamba nitajaribu mwakani. Akanitazama kwa macho ya darasani. "Mwakani mimi sipo. Na maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga. Njoo."

Mlinzi alipiga filimbi. Nikajitupa.

Sikumbuki maji, nakumbuka sauti. Mbele yangu Bibi alikuwa anarudi kinyumenyume, hanigusi, anahesabu: moja, mbili, pumua. Nyuma, kila nilipoinua uso, nilimsikia Mama Rosina akimtangazia baba kama mtangazaji wa mpira. "Ameanza! Anakwenda! Miguu mizuri! Amefika, anageuka!" Katikati ya kurudi kamba ilikuwa karibu yangu, nyekundu na nyeupe, mkono ukaitamani. "Anasita!" Mama Rosina alipiga kelele, na nikasikia sauti ya baba, baba yangu mkimya asiyewahi kupaza sauti hadharani, ikiwaambia watu wa barabarani ambao hawakujua ni ya nini, "Twende, Semeni! Twende, mwanangu!" Nikaiacha kamba. Moja, mbili, pumua. Moja, mbili. Mkono wangu ukagonga saruji.

Bibi alipiga vigelegele palepale majini, virefu, vya harusi, na filimbi ya mlinzi haikusikika. Watoto walishangilia. Nasrin alishangilia kuliko wote, nampa haki yake. Yule dada akanifunga kitepe, nikakimbia mpaka uzioni ingawa kukimbia kulikatazwa.

"Baba, nimefaulu!"

"Nimesikia," alisema akitazama barabara.

"Geuka basi unione."

"Bibi yako ametoka majini?"

Nikaangalia. Bibi alikuwa amelala chali katikati ya kina kirefu, mikono ameitanua, maua ya kofia juani, hana habari na mtu.

"Bado."

"Usimharakishe," baba akasema. Akapeleka mkono nyuma, akapapasa mpaka akapata waya, akaingiza vidole kwenye matundu. Niliuweka mkono wangu pale. Akakigusa kitepe, akakizungushia ncha ya kidole polepole, na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Rangi gani?"

"Kijani."

Magari mawili yakapita, akauliza tena ni rangi gani, nami nikamwambia tena.